Land Rover ya Kisumu na Farasi wa Aina Tatu



Juma hili twawachukua wasomaji wetu mbali na bahari, hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Mji wa Kisumu si mgeni kwetu. Tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, watu wa pwani wamekuwa na jamaa huko, na katika mtaa wa Kaloleni zipo nyumba nyingi za Kiislamu ambazo Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na ya jikoni. Mtaani humo anaishi kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu. Siku hizi ni baba wa watoto wanne na mwalimu wa madrasa, lakini kwetu sisi angali kijana. Mwezi wa Agosti 2024 alitupigia simu akitaka shauri: anunue Land Rover ya zamani, au asinunue?

Tulikuwa na safari ya kwenda huko, tukamwambia atungoje. Na twakiri mapema kwamba tulifika tukiwa tumekwisha kuegemea upande mmoja. Sisi ni watu wa enzi ambayo Land Rover ndiyo iliyomfikisha daktari, bwana shauri na mkaguzi wa skuli pale barabara ilipokoma. Moyo wetu ulikuwa umesema "nunua" kabla ulimi haujauliza swali hata moja.

Haja iliyomsukuma

Mwalimu wetu husomesha mjini, na siku tatu kila juma huenda Kadibo, katika tambarare ya Kano, kwenye madrasa mbili ndogo. Anayeijua Kano ajua tabu yake. Mto Nyando huteremka kutoka nyanda za juu ukaja ukatulia pale, na mvua inapozidi hufurika mashambani na majumbani. Udongo wake ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukiloa hushika gurudumu kama gundi. Ndugu zetu wa Garsen na Kipini, wanaoishi na mafuriko ya Mto Tana, hawahitaji maelezo zaidi.

Katika masika ya 2024, ambayo yaliitesa Kenya nzima, mama wa wanafunzi wake wawili alishikwa na uchungu usiku. Pikipiki haikuweza kupita. Alipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara ya lami, na mwalimu alikwenda mbele ameshika taa. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tangu usiku ule mwalimu hakuacha kufikiria gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne.

Gari lenyewe

Lililompendeza ni Land Rover ya Series III, ile ndefu ya inchi 109, iliyokuwa ikiuzwa mjini Kisumu kwa shilingi 520,000. Si vibaya tueleze kidogo asili ya magari haya. Mwaka 1947, mhandisi wa kampuni ya Rover aitwaye Maurice Wilks alikuwa akitumia shambani kwake, huko Wales, gari kuukuu la Jeep lililobaki baada ya vita. Akawaza kuunda lake la kulima na kubebea mizigo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa madini ya alumini. Series III ilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985, na ilipofika 1976 Land Rover zilizokwisha kuundwa zilitimia milioni moja.

Jambo la alumini lina hekima ndani yake kwa mnunuzi. Alumini haili kutu kama chuma, basi gari la miaka 45 laweza kusimama mbele yako linang'aa, na rangi yake mpya, ukadhani ni zima. Lakini fremu iliyo chini, inayobeba injini, bodi na abiria, ni ya chuma. Huko ndiko kutu inakokaa. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane, zilizopo ni hizi hizi za tangu zamani, zimepita mikononi mwa wengi, na nyingi zimebadilishwa hata injini.

Tulipokwenda kuliona, uso wa mwalimu ulikuwa wa mtoto siku ya Idi. Alituonyesha kifundo cha manjano kinachobonyezwa ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na mkono mwekundu wa gia nzito za matopeni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, baba yangu aliendesha kama hili, la kinu cha pamba. Nikiwa mdogo nilikuwa nikilisikia likiwa mbali, nikakimbia kumpokea." Tuliyaweka maneno hayo moyoni.

Tulikuwa tumemchukua fundi mwaminifu kutoka upande wa Kibuye. Hakufungua boneti kwanza. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga fremu kuanzia mbele. Ilikuwa imepakwa lami nyeusi, mbichi. Nyundo ililia "ngi, ngi, ngi" mpaka ilipokaribia boriti ya nyuma, pale springi zinaposhikia. Hapo ikalia "pu." Alipogonga tena, ikazama. Nyuma ya lami hapakuwa na chuma bali unga wa kutu.

Muuzaji alisema hakujua, naye alilinunua hivyo. Hatumhukumu, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini wasomaji wetu wakumbuke mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini yake. Alimkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone, na akamtenga na umma wake mwenye kughushi, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Lami juu ya kutu ni nafaka kavu juu ya nafaka mbichi. Fiqhi yetu humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyokuwapo kabla ya kununua, lakini ni nani awezaye kurudishiwa fedha zake kwa wepesi siku hizi? Nyundo ya fundi kabla ya bei ni rahisi kuliko kadhi baada yake.

Muuzaji akashuka hadi 430,000. Fundi akasema fremu yatengenezeka kwa kukata na kuchomelea, kwa kiasi cha 90,000. Mwalimu akatutazama. Hesabu ilikuwa imerudi palepale, na moyo wake bado ulikuwa ndani ya gari.

Fedha ni za nani?

Jioni tulikaa nyumbani kwake baada ya Maghribi, yeye, mkewe na mamake mzazi. Tukauliza swali lililopaswa kutangulia: fedha zenyewe ni zipi? Zilikuwa shilingi 480,000. Katika hizo, 150,000 zilikuwa za mama, akiba yake ya biashara ya omena kwa miaka mingi, aliyoiweka kwa nia ya hija.

Mama akasema kwa upole, "Zichukueni, wanangu. Al-Kaaba haihami. Yule mtoto aliyekufa Kadibo naye alikuwa wa mtu."

Tulinyamaza kwa muda, kwani ni neno zito. Kisha tukamweleza mwalimu kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, hija ni wajibu wenye wasaa. Mtu aweza kuichelewesha akiwa na azma ya kuitimiza. Lakini anayechelea kwamba nguvu zitamwishia, wasaa ule humfinyikia. Mama huyu ana miaka 68 na magoti yake yamekwisha kulalamika. Kipawa cha mzazi kwa radhi yake ni halali, ila si kila halali anayopewa mtoto inafaa aipokee. Tukashauri 150,000 zitengwe usiku uleule, ziwekwe kwa jina lake mwenyewe. Zikabaki 330,000.

Mwalimu akataja mkopo wa kujazia. Tukamwambia kwamba wa riba hautakiwi hata kuzungumzwa. Zipo benki za Kiislamu nchini, na mauzo ya murabaha ni njia halali. Lakini deni halali nalo ni deni, na lazima lilipwe mvua ikinyesha na jua likiwaka.

Daftari la mama watoto

Hadi hapo mkewe hakuwa amesema kitu. Tukamwomba shauri lake. Wako waume wanaodhani kwamba mambo ya magari hayamhusu mwanamke. Wamesahau siku ya Hudaybiya, Masahaba walipokuwa wamezama katika huzuni, na Mtume (S.A.W.) akaingia hemani kwa Mama Ummu Salama (R.A.) akamweleza. Ni shauri la mke lililofungua fundo la siku ile.

Yule dada aliingia ndani akatoka na daftari la shule la mwanawe. Alikuwa ameandika siku zote ambazo mumewe alishindwa kufika Kadibo katika masika yale, Machi hadi Mei. Zilikuwa 23. Ukurasa wa pili ulikuwa wa mafuta. Kwenda na kurudi ni kilomita 50. Safari tatu kwa juma ni 150. Gari kama lile la petroli laenda kilomita sita kwa lita, basi ni lita 25. Kwa shilingi 180 lita moja, ni 4,500 kwa juma, yaani 18,000 kwa mwezi, kabla ya bima, matairi na fundi. Nauli ya sasa ya matatu na pikipiki haifiki 6,000.

"Maalim," alisema, "mimi silikatai gari. Usiku ule wa mkokoteni mimi ndiye niliyefua nguo za yule mama. Lakini gari litatakiwa siku 23, na litakula siku 365. Likikosa mafuta siku ya 24, tutakuwa tumenunua nini?" Kisha akamgeukia mumewe, akasema bila ukali, "Baba Zahra, wanunua gari, au wanunua sauti ya gari la marehemu baba?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nasi tuliinamisha chetu, kwa maana swali lile lilitupata sote wawili.

Farasi wa aina tatu

Qur'ani Tukufu, katika Sura An-Nahl, yataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pia ni pambo. Kupenda kipando kizuri, basi, si dhambi. Lakini katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.), ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwagawa wenye farasi mafungu matatu. Kwa mmoja farasi ni thawabu, kwa kuwa amemfunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kwa wa pili ni stara: anamtosheleza haja zake, wala hasahau haki ya Mola wake juu yake. Kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa amemweka kwa fahari na kujionyesha.

Tulimwambia mwalimu kwamba nia yake ilikuwa ya farasi wa kwanza, na hilo hatuna shaka nalo. Lakini nia ya thawabu ikipandishwa juu ya deni, juu ya amana ya mama na juu ya chakula cha watoto, huvunja stara ya nyumba nzima. Na farasi wa thawabu hahitaji kuwa mali yako ndipo ulipwe.

Usiku huo aliswali istikhara. Asubuhi alimpigia muuzaji akamshukuru, akajitoa. Siku zilizofuata alikwenda Kadibo na daftari la mkewe. Familia kumi na mbili, Waislamu na majirani wasio Waislamu, zilikubaliana na mwenye trekta wa hapo: kila nyumba ichange shilingi 300 kwa mwezi, zikae kwa mama mmoja mwaminifu, na trekta lenye tela liwe tayari usiku na mchana wa masika kumbeba mgonjwa au mzazi hadi barabara ya lami, bila kumuuliza fedha mtu aliye katika shida. Mwalimu naye alinunua pikipiki nzuri, ikabaki akiba.

Hatusemi kila nyumba ifuate jibu hili. Yuko mwenye shamba bara ya Lamu ambaye barabara humfunga nusu ya mwaka. Kwake Land Rover nzima yaweza kuwa stara hasa. Tunachowaomba ni kwamba maswali yatangulie moyo. Fedha ni za nani? Siku za haja ni ngapi? Kulilisha ni kiasi gani? Namba ya fremu na ya injini zaafikiana na logibuku na rekodi za serikali? Fundi amelala chini yake na nyundo? Na mama wa nyumba ameulizwa?

Masika ya 2025 trekta lilitoka mara nne. Mara moja lilimchukua yule yule mama wa mkokoteni. Alijifungua binti hospitalini, na sote tukasema alhamdulillahi.

Mwalimu hutuambia kwamba akipita mjini na kusikia Land Rover kuukuu ikinguruma, bado husimama mpaka ipite. Tukamjibu asimame tu, amwombee babake rehema, kisha aendelee na safari yake.

Wabillahi tawfiq.