Lubumbashi: Aspirini ya moyo huweza kuumiza utumbo kimya kimya

Kwenye farmasi ndogo za barabara ya Kasapa, inayoelekea kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mtu akiomba plaketi ya aspirini hakuna anayeshangaa. Wazee wenye tansio na watu waliowahi kuugua moyo au kupooza humeza kidonge cha miligramu 75 au 100 kila siku, miaka na miaka. Wengine waliandikiwa na muganga. Wengine walishauriwa na jirani tu.

Kidonge hicho huzuia damu kuganda ndani ya mishipa. Lakini huzuia pia kemikali za mwili zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo, ndiyo maana wengi hupewa omeprazoli pamoja nacho. Kinachojulikana kidogo ni kwamba madhara hushuka hadi utumbo mwembamba, na huko omeprazoli hailindi: kazi yake ni kupunguza asidi ya mfuko wa tumbo, si kuponya utumbo. Hata aspirini yenye ganda lisiloyeyuka tumboni huenda kuyeyukia hukohuko chini.

Kwa muda mrefu waganga hawakuyaona majeraha hayo. Kamera inayopitishwa mdomoni huishia mwanzo wa utumbo. Ile ya nyuma hukagua utumbo mpana. Katikati hubaki mita kadhaa. Mwaka 2001 Marekani iliruhusu kamera ndogo inayomezwa kama kidonge. Mwaka 2009 watafiti wa Argentina walitoa matokeo ya watu 20 wenye afya waliomeza miligramu 100 za aspirini kwa siku 14: nusu yao walikutwa na majeraha utumboni.

Mengi ya majeraha hayo ni madogo. Machache huvuja damu tone kwa tone, bila maumivu, na hapo ndipo mkaaji wa Lubumbashi hupotea njia. Mzee akichoka, akipata kizunguzungu, neno la kwanza nyumbani ni malaria. Kisha minyoo. Kisha hununuliwa dawa ya kuongeza damu, na chuma kilichomo hufanya choo kuwa cheusi. Nacho choo cheusi kama lami ni moja ya dalili za damu inayovuja ndani. Dawa imeficha alama.

Kutupa vidonge si jibu. Aliyewahi kupata shambulio la moyo akiacha ghafla, mishipa inaweza kuziba tena. Kwa asiyewahi kuugua moyo wala kupooza, hesabu ni nyingine: mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri wenye miaka 60 na zaidi wasianze aspirini kwa ajili ya kujikinga tu.

Anayeimeza anaweza kuomba kipimo cha hemoglobini, ambacho ni cha kawaida. Amwambie muganga pia kama mgongo ukiuma huongeza diklofenaki au ibuprofeni, maana hizo huumiza utumbo uleule.