Mchezo ni wa Nani? Mabishano ya Wapenzi wa Counter-Strike na Maana Yake

0. Utangulizi

Neno «mchezo» katika Kiswahili hubeba maana mbili: burudani ya kupumzisha mwili na akili, na mashindano yenye kanuni ambazo kila mshiriki hulazimika kuzifuata. Maana hizo mbili hukutana, na pengine hugongana, katika michezo ya video ya kufyatuliana risasi ambayo huchezwa na watu wengi kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Mmoja kati ya michezo hiyo iliyodumu kwa muda mrefu ni Counter-Strike. Ulianza mwaka 1999, na Counter-Strike 2 ilitolewa mwaka 2023. Katika kipindi hicho chote wapenzi wake hawakuacha kubishana: toleo lipi ni bora, silaha ipi inaharibu uwiano, mdanganyifu aadhibiwe vipi, fedha ziingie mchezoni kwa kiasi gani.

Asiyeucheza mchezo huu huenda akayaona mabishano hayo kuwa makelele ya vijana yasiyo na faida. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Chini ya mabishano hayo mna swali moja la msingi: kitu kilichojengwa na kulelewa na watu wengi kikishakuwa mali ya kampuni moja, ni nani mwenye haki ya kukibadilisha? Ili kulijibu, tutaeleza kwanza asili na kanuni za mchezo, kisha tutachambua aina nne za mabishano yanayouhusu.

1. Asili na kanuni za mchezo

Counter-Strike haikuzaliwa katika kampuni. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo Valve ilitoa mchezo wa Half-Life, ikawaruhusu wanunuzi kuufungua na kujenga juu yake michezo yao wenyewe. Vijana wawili, Minh Le aliyekuwa akisoma Kanada na Jess Cliffe aliyekuwa akisoma Marekani, waliitumia ruhusa hiyo. Toleo lao la kwanza la majaribio lilisambazwa bure mnamo Juni 1999. Wachezaji walilijaribu, wakatoa maoni, na matoleo mengine yakafuatana kwa haraka. Hata viwanja vya mapambano, ambavyo wachezaji huviita ramani, vilitengenezwa na wapenzi wa kujitolea. Ramani mashuhuri za Dust na Dust II ni kazi ya Dave Johnston, kijana Mwingereza. Mwaka 2000 Valve iliununua mchezo, ikawaajiri waasisi wake, na mnamo Novemba mwaka huohuo ikatoa toleo la kwanza rasmi.

Kanuni zake ni chache. Katika mashindano hukabiliana timu mbili za watu watano watano. Timu moja huigiza magaidi wanaotaka kutega bomu mahali maalumu. Nyingine huigiza askari wanaojitahidi kuwazuia au kulitegua bomu hilo. Mchezo hugawanywa katika raundi fupi, kila moja ikiwa na muda wa dakika mbili hivi. Aliyeuawa hafufuki hadi raundi ifuatayo. Kadhalika, kabla ya kila raundi mchezaji hununua silaha kwa fedha za mchezoni, ambazo kiasi chake hutegemea aliyoyafanya katika raundi zilizotangulia. Timu iliyoshindwa mara kadhaa hulazimika kuamua: inunue silaha hafifu sasa, au iweke akiba na kukubali kupoteza raundi moja?

Kanuni hizi mbili, kifo kisichofutika upesi na fedha zisizotosha, ndizo zinazoupa mchezo uzito wake. Kila badiliko dogo katika bei ya bunduki au urefu wa mechi hugusa hesabu nzima. Ndiyo sababu jambo ambalo mtu wa nje huliona kuwa dogo huweza kuzua ugomvi wa miezi.

2. Mabishano juu ya matoleo

Mabishano ya kale zaidi yanahusu mapokeo na mabadiliko. Mwaka 2003 toleo la 1.6 lilikuja pamoja na Steam, programu ya Valve ambayo kila mchezaji alilazimika kupitia kwayo. Wengi walilalamika kuwa programu hiyo ilikuwa nzito na yenye hitilafu; lakini mwaka 2004 mtandao wa zamani ulifungwa, na waliobaki nyuma hawakuwa na pa kwenda. Toleo hilohilo lilileta silaha mpya, ngao ya kujikingia. Wachezaji wa mashindano waliona kuwa ngao hiyo inaupooza mchezo, na waandaaji wa mashindano wakaipiga marufuku. Basi ngao ikabaki ndani ya programu bila kuwa na nafasi katika mchezo wa mashindano. Mfano huu unaonyesha kwamba mtungaji wa kanuni na mtumiaji wake ni watu wawili tofauti, na kwamba kukataa kutumia nako ni hukumu.

Mwaka 2004 Valve ilitoa Counter-Strike: Source, yenye picha nzuri zaidi. Jumuiya ikagawanyika. Wafuasi wa 1.6 walishikilia kwamba katika Source mwendo wa mchezaji na tabia ya bunduki vimebadilika, na kwamba ujuzi walioupata kwa miaka ulikuwa umepunguziwa thamani. Wafuasi wa Source walijibu kwamba wenzao wanayalinda mazoea tu. Mashindano nayo yaligawanyika: ligi moja kubwa ya Marekani ilichagua Source mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2008, ilhali mengi ya mashindano ya kimataifa yaliendelea na 1.6. Usiache mbachao kwa msala upitao, wasemavyo wahenga.

Counter-Strike: Global Offensive, iliyotolewa mnamo Agosti 2012, ilitarajiwa kuziunganisha kambi hizo. Ilipokewa kwa ubaridi, ikarekebishwa, na hatimaye ikafaulu. Lakini tarehe 27 Septemba 2023 kisa kilirudi kwa sura nyingine. Counter-Strike 2 haikuwekwa kando ya ile ya zamani. Ilichukua nafasi yake. Baadhi ya aina za mchezo zilizozoeleka hazikuwamo siku hiyo. Urefu wa mechi nao ulipunguzwa: awali timu iliyotangulia kupata raundi 16 ilishinda, sasa raundi 13 zinatosha. Waliounga mkono walisema kuwa mechi fupi inamfaa mtazamaji na mtu mwenye kazi zake. Waliopinga walitoa hesabu: katika mechi yenye raundi zisizozidi 24 badala ya 30, zile raundi mbili zinazoanza kwa bastola peke yake huwa na uzito mkubwa zaidi, na timu iliyoachwa nyuma hupata nafasi chache za kujirekebisha. Hoja zote mbili ni za kweli. Tofauti ni swali la nani anayekusudiwa: mtazamaji, mchezaji wa jioni moja, au bingwa.

3. Ustadi na bahati

Mabishano ya aina ya pili yanahusu haki ndani ya mchezo. Katika Counter-Strike bunduki inayofyatuliwa mfululizo hupanda na kuyumba kwa mchoro maalumu, na mchezaji mwenye bidii huweza kuujifunza mchoro huo kwa moyo na kuusawazisha kwa mkono wake. Juu ya mchoro huo huongezwa mtawanyiko wa risasi usiotabirika. Mashabiki wa ustadi hutaka mtawanyiko huo upunguzwe, kwa kuwa huonea mtu aliyelenga vizuri. Wengine hujibu kwamba pasipo shaka yoyote mgeni hatashinda hata raundi moja, na mchezo usiopata wageni hufa.

Mfano ulio wazi ni ule wa Desemba 2015. Valve iliongeza bastola mpya, R8, iliyouzwa mchezoni kwa bei ndogo ya dola 850. Mara ikagunduliwa kwamba risasi yake moja kifuani humwua adui aliyevaa kinga, jambo ambalo bunduki za bei ya mara tatu yake hazikuweza kulifanya. Hesabu yote ya akiba na matumizi ikavurugika usiku mmoja. Malalamiko yalikuwa makali, na katika muda wa siku chache nguvu ya bastola hiyo ikapunguzwa. Hapa wapenzi hawakutetea mazoea. Walitetea kanuni kwamba nguvu ya silaha iendane na gharama yake. Nao walisikilizwa kwa sababu hoja yao iliweza kupimwa kwa tarakimu.

4. Udanganyifu, ulinzi na adhabu

Aina ya tatu inahusu uaminifu. Kuna programu haramu zinazomwezesha mtu kuona maadui nyuma ya kuta au kulengewa shabaha na mashine. Valve ilianzisha mfumo wake wa kuzigundua mwaka 2002, na mwaka 2013 ikaongeza utaratibu wa kuwapa wachezaji wazoefu kanda za mechi zinazotiliwa shaka ili watoe hukumu. Hilo lilikuwa jambo la pekee: jumuiya ikajihukumu yenyewe. Mnamo Desemba 2018 mchezo ulipofanywa wa bure, wengi walilalamika kwamba adhabu imepoteza makali, kwani aliyefukuzwa angeweza kufungua akaunti nyingine bila gharama.

Tangu hapo mabishano yamejikita katika swali gumu zaidi. Baadhi ya majukwaa ya nje ya Valve humtaka mchezaji aweke programu ya ulinzi inayoingia katika kiini cha mfumo wa kompyuta yake. Kundi moja husema kuwa hiyo ndiyo njia ya pekee ya kuwashinda wadanganyifu. Kundi jingine huuliza kama ni busara kumkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba nzima ili alinde chumba kimoja.

Swali la adhabu nalo halijaisha. Mnamo Januari 2015 Valve iliwazuia bila kikomo wachezaji kadhaa wa kulipwa, kwa kuwa timu yao ilishindwa kwa makusudi katika mechi ya mwaka 2014 iliyokuwa imewekewa dau. Mwaka 2017 baadhi ya waandaaji waliwafungulia mlango katika mashindano yao, bali Valve haikuwafungulia katika yale makubwa inayoyadhamini. Kwa miaka mingi wapenzi wamegawanyika kati ya wale wanaosema kwamba kosa la ujana lisimfuate mtu maisha yote, na wale wanaosema kwamba huruma kwa mmoja ni mwaliko kwa wengine.

5. Fedha na makasha

Aina ya nne ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa inatoka nje ya mchezo na kuingia mifukoni. Mnamo Agosti 2013 Valve ilianzisha mapambo ya silaha: rangi na michoro isiyoongeza nguvu yoyote. Mapambo hayo hupatikana hasa katika makasha yaliyofungwa, na ufunguo wa kasha huuzwa kwa takriban dola mbili na nusu za kweli. Kilichomo hakijulikani kabla ya kufungua. Kitu adimu kabisa, kama kisu, hutoka takriban mara 1 katika mara 400. Mapambo huuzwa na kununuliwa baina ya wachezaji, na mengine hufikia maelfu ya dola.

Watetezi wa utaratibu huu hutoa hoja yenye nguvu: sehemu ya mapato ya makasha ndiyo iliyolipia zawadi ya dola 250.000 ya mashindano makubwa ya kwanza, yaliyofanyika Jönköping, Uswidi, mwaka 2013. Wabunifu wa kujitolea nao hulipwa. Wapinzani hujibu kwamba huu ni mchezo wa bahati nasibu uliovikwa nguo nyingine, na kwamba wengi wanaofungua makasha ni watoto. Serikali ziliingia kati. Mnamo Aprili 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya kubahatisha ilitoa uamuzi kwamba makasha ya namna hii, yakiwamo ya Counter-Strike, yanavunja sheria ya nchi hiyo. Mwaka 2019 Valve yenyewe ilizuia funguo mpya zisiuzwe kati ya wachezaji, ikieleza kuwa zilikuwa zikitumiwa kusafishia fedha haramu.

Mnamo Oktoba 2025 badiliko moja lilionyesha udhaifu wa mali hiyo. Valve iliruhusu mapambo matano ya daraja la juu yabadilishwe kwa kisu au glavu. Kwa muda mfupi bei ya visu ikaporomoka. Waliovihifadhi kama akiba walilia kwamba wamenyang'anywa. Waliotamani kisu kwa miaka walishangilia. Kumbe «mali» hiyo ilitegemea neno la kampuni pekee.

6. Hitimisho

Mabishano haya manne yana umbo moja. Wapenzi huuona mchezo kuwa ni urithi wao, kwa kuwa waliutunga, wakauchorea ramani, wakaamua lipi litumike na lipi liachwe. Kampuni huuona kuwa ni kazi yake, kwa kuwa ndiyo inayolipa gharama na kushika programu. Mwanaisimu hawezi kushangaa. Lugha nayo ina wasanifishaji na wasemaji: wale huandika kamusi, na hawa huamua kwa vinywa vyao neno lipi litaishi. Ngao ya mwaka 2003 ni kama neno lililoingizwa katika kamusi lisisemwe na mtu.

Hata hivyo mfanano huo una mpaka. Hakuna mtunga kamusi awezaye kuizima lugha ya jana. Kampuni inaweza kuuzima mchezo wa jana, na mwaka 2023 ilionyesha kwamba inaweza kuuondoa mahali pake kwa siku moja. Wachezaji wanamiliki desturi. Ufunguo uko mikononi mwa mwingine. Kwa sababu hiyo kelele zao zastahili kusikilizwa kwa makini na wanaochunguza jamii: ni sauti ya watu wanaojifunza, kwa gharama yao wenyewe, tofauti kati ya kutumia kitu na kukimiliki.