Kiyoyozi cha gari kinapopuliza hewa ya moto: gesi haiishi, huvuja

Kuanzia Mombasa na Dar es Salaam hadi Kampala na Lubumbashi, barabara zimejaa magari yaliyotumika kwanza nchini Japani. Yanapowasili huku huwa yamekwishatembea miaka kadhaa, na kiyoyozi ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuchoka. Mwenye gari hubonyeza kitufe, feni ikavuma, lakini kinachotoka ni hewa ya moto. Jibu analopewa gereji mara nyingi ni moja: gesi imekwisha, ijazwe. Hulipa, akapata ubaridi wa wiki chache, kisha akarudi palepale.

Kauli hiyo ya "gesi imekwisha" ndiyo chanzo cha hasara. Petroli huisha kwa sababu huchomwa. Gesi ya kiyoyozi haichomwi; huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huikandamiza ikapata moto. Hupita kwenye kondensa, mbele ya rejeta, ikatoa joto lake nje na kugeuka kimiminika. Hupenyezwa katika tundu jembamba, shinikizo likashuka ghafla. Kisha huchemka ndani ya kipoozi kilicho nyuma ya dashibodi na kuvuta joto la chumba cha abiria. Gesi ya R134a, iliyo katika magari mengi ya eneo hili, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Mipira iliyozeeka hupitisha kiasi kidogo mno mwaka hadi mwaka, lakini gesi iliyotoweka ndani ya mwezi mmoja ina tundu ilikotokea.

Kabla ya kutoa pesa, yako mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyachunguza mwenyewe. Ikiwa hewa ni baridi safarini lakini hugeuka moto kwenye foleni, gesi si mshukiwa wa kwanza. Itazamwe feni ya mbele, fyuzi na relei yake, au kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu. Afungue boneti injini ikinguruma na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Katika kompresa yenye klachi, puli huzunguka wakati wote, lakini bamba la mbele yake huanza kuzunguka pale tu klachi inaposhika. Lisipozunguka kabisa, huenda gesi imepungua mno na swichi ya shinikizo imezuia, au umeme haufiki. Likishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, gesi ni kidogo.

Kipimo kingine ni mkono, kwa uangalifu. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa linapaswa kuwa baridi na kutoka jasho. Likiwa hivyo, ilhali ndani ya gari kuna joto, basi kiyoyozi chenyewe ni kizima. Kilichokwama ni kile kimlango kilicho nyuma ya dashibodi kinachochanganya hewa ya baridi na ya hita. Kumjazia gesi mtu mwenye tatizo hilo ni kumwibia tu.

Mahali palipovuja mara nyingi hujitangaza, kwa kuwa gesi hutoka pamoja na mafuta ya kompresa: tafuta kiungo chenye unyevu ulioshika vumbi. Fundi makini huthibitisha kwa povu la sabuni, kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, au kwa kupima kwa naitrojeni. Oksijeni isitumiwe kamwe. Ikikutana na mafuta katika shinikizo, hulipuka.

Hapa geji huwahadaa wengi. Gari likiwa limezimwa na kupoa, katika joto la nyuzi 30, geji ya R134a husoma takriban paundi 97 kwa inchi ya mraba. Itasoma hivyohivyo ndani mkiwa na gramu 500 au gramu 250, mradi kimiminika kingali kimo, kwa sababu usomaji huo hufuata joto, si wingi. Ndiyo maana kazi sahihi ni kuziba tundu, kuvuta hewa na unyevu wote kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa, kisha kujaza kwa mizani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Wapo pia wanaojaza gesi ya kupikia. Hupoza vizuri, na hilo ndilo linaloshawishi. Lakini kipoozi kikivuja, gesi iwakayo huingia walikoketi abiria.

Kumwaga R134a hewani nako kuna gharama. Kilo moja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyopitishwa Kigali mwezi Oktoba 2016 yanazitaka nchi nyingi zinazoendelea kusimamisha ongezeko la matumizi ya gesi za aina hii kuanzia 2024, na kuyapunguza kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Anayejaza kila mwezi anategemea bidhaa inayowekewa mipaka.

Magari mawili yanahitaji tahadhari ya pekee. Katika magari ya mseto kama Toyota Prius, kuanzia toleo la pili, kompresa huendeshwa kwa umeme wa zaidi ya volti 200, na mafuta yake si yale ya kompresa za mkanda. Yakichanganywa huharibu kinga ya umeme. Magari mapya zaidi nayo, hasa Kenya ambako gari la kuagizwa halipaswi kuzidi miaka 8, yanazidi kuja na R1234yf. Viungio vyake vimetofautishwa kwa makusudi na vile vya R134a. Fundi anayelazimisha kisichoingia azuiwe papo hapo.