Mtihani wa Mwisho Hufanyika Gizani

Kuna mtihani unaofanywa mchana, watu wakitazama na kupiga makofi. Kuna pia mtihani unaofanywa gizani, mahali ambapo hata wewe mwenyewe huoni ulichokijenga. Dominika hii tuutafakari huo wa pili, na mfano wetu utakuwa mchezo wa video. Mzazi anayegombana na mtoto kila jioni kwa sababu ya simu anivumilie kidogo.

Mchezo uitwao Tetris wengi wanaujua kwa macho, hata kama hawalijui jina lake. Ulibuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Vipande vya maumbo saba, kila kimoja cha miraba minne, hudondoka kimoja baada ya kingine. Mchezaji huvigeuza na kuvipanga. Mstari ukijaa bila pengo, unafutika. Vipande vikirundikana hadi juu, mchezo umekwisha.

Mwaka 1998 kampuni ya Kijapani iitwayo Arika iliutoa mchezo huo kwa sura ngumu zaidi. Iliuita Tetris The Grand Master, yaani bingwa mkuu. Uliwekwa kwenye mashine kubwa za kutumbukiza sarafu katika kumbi za michezo za Japani. Matoleo mengine yalifuata mwaka 2000 na mwaka 2005.

Mashine hizo zilikusudiwa Wajapani. Mtu wa Marekani au Ulaya aliyeupenda mchezo huo hakuwa na duka la kuununua. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wapenzi hao wakainama. Wengine waliagiza bodi za mashine kutoka Japani. Wengine waliandika programu zao za kompyuta zenye kanuni zilezile, ili wapate pa kufanyia mazoezi. Walitazama video za mabingwa wa Kijapani tena na tena, wapate kujua kipande kimewekwa wapi na kwa nini. Kijapani wengi hawakukijua, lakini vipande walivielewa. Aliyegundua jambo aliwaeleza wenzake bure.

Walikuwa wakijifunza nini? Mchezo una namba inayopanda hadi 999. Mwanzoni vipande hushuka taratibu. Namba ikifika 500 katika toleo la kwanza, kipande hutokea kikiwa tayari kimetua juu ya vingine. Kinaweza kuteleza kando na kushuka, lakini hakiwezi kupanda mlima. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa mambo mawili. La kwanza, mrundiko wake uinuke katikati kama kichuguu, ili kipande kiteleze kwenda upande wowote. Akiacha shimo katikati, atakwama. La pili, aamue mapema. Mchezo humwonyesha kipande kinachofuata, na akishikilia kitufe kabla hakijaja, kitatokea kikiwa kimekwisha geuzwa. Anayengoja kukiona ndipo afikiri, amechelewa.

Kuna vyeo pia. Mchezaji huanza daraja la 9, hupanda hadi la 1, kisha S1 hadi S9. Juu kabisa yupo Grand Master. Katika toleo la mwaka 2000, kufika 999 peke yake hakutoshi kumpa mtu cheo hicho. Aliyecheza kwa kasi na umahiri unaotakiwa huingizwa kwenye jaribio la mwisho. Majina ya watengenezaji yanapita kwenye skrini kama mwisho wa filamu, huku vipande vikiendelea kuja kwa kasi kubwa. Lakini kila kipande kikishatua, kinatoweka machoni. Kipo, kimechukua nafasi yake, ila hakionekani. Kwa takriban dakika moja mchezaji anajenga juu ya vitu asivyoviona. Akistahimili hadi majina yaishe, ni Grand Master. Toleo la mwaka 2005 liliongeza ukali. Mashine ilitunza kumbukumbu za mchezaji na kumpa mtihani wa kupanda daraja, kwa hiyo siku moja ya bahati haikutosha.

Mwaka 2015, nchini Marekani, baadhi ya wapenzi hao waliuonyesha mchezo huu katika tamasha la Awesome Games Done Quick, ambalo mwaka huo lilichangisha fedha za kupambana na saratani. Ukumbi ulishangilia vipande visivyoonekana vilipoanza kupangwa. Shangwe ile ilikuwa ya dakika chache. Nyuma yake kulikuwa na saa nyingi za mazoezi chumbani, bila mtazamaji.

Anayefika kwenye giza lile hana nafasi ya kujifunza jambo jipya. Anabebwa na mazoea. Mkono unapanga gizani kwa sababu ulipanga vizuri kwenye mwanga mara elfu. Ndiyo maana ya kumkunja samaki angali mbichi.

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba safari yetu ni ya imani, kabla ya kuona kwa macho. Wapo miongoni mwetu walio katika giza hilo leo. Mama anayemwombea mwanawe mlevi kwa miaka na haoni badiliko. Mgonjwa anayesali na kusikia kimya. Katekista wa kigango cha mbali ambaye hajawahi kuambiwa asante. Ndugu, sala ulizosali na mema uliyotenda hayajapotea. Hayaonekani, lakini yapo, na kila moja limeshika nafasi yake. Endelea kujenga juu yake.

Na kwetu sisi tulio kwenye mwanga, hapa kuna onyo. Tusiseme tutajifunza kusali tutakapougua, au tutapatana na jirani siku ya msiba. Giza halifundishi kupanga. Linaonyesha tu kama tulijifunza.

Mwaka 2022 toleo la kwanza liliuzwa hatimaye nje ya Japani kwa mashine za nyumbani. La pili likafuata mwaka 2023. Mwaka 2025 lilitoka toleo jipya kwa wachezaji wa dunia nzima. Wageni walioingia kwa mlango huo walikuta njia imekwisha safishwa na watu waliohangaika kabla yao. Kanisa nalo husonga hivyo. Bibi aliyetufundisha ishara ya msalaba alifundishwa na mwingine, na hakututoza kitu.

Mchezo unabaki kuwa mchezo. Saa inayoibwa kwenye masomo, kazi au Misa imeibwa tu. Lakini mzazi, kabla hujamfokea mtoto, keti naye umuulize: unajifunza nini hapo, na nani anakufundisha? Huenda tayari anajua maana ya kurudia, kuvumilia na kumsaidia mwenzake. Ukimwona na hayo, mwonyeshe mahali pengine pa kuyatumia: mezani, darasani, kwenye jumuiya.

Leo bado kuna mwanga. Kipande cha leo tukiweke mahali pake.

Dominika njema.