Soketi Inayocheza Kwenye Banda la Vifaranga: Usiikazie kwa Kijiti, Ibadilishe

Leo tuweke pembeni kidogo habari za chanjo na chakula, tuongelee kitu ambacho wafugaji wengi hawakihesabu kwenye mtaji: tundu la umeme ukutani. Unanunua vifaranga 200 Same mjini, unawapandisha Chome salama, una taa za joto na maranda makavu. Halafu kila kitu kinategemea plagi inayoning'inia kwenye soketi iliyolegea, imekazwa kwa karatasi ili isidondoke.

Huku kwetu jambo hili ni zito kuliko kwa mwenzako wa tambarare. Tupo milimani, chini ya Shengena inayofika mita 2,462, na Juni hadi Agosti usiku wake unaujua mwenyewe. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi 2 au 3 kila wiki. Bado hana manyoya ya kujitunzia joto. Taa zikizimika saa nane usiku na wewe umelala, asubuhi utawakuta wamerundikana kwenye kona, wa chini wamekosa hewa. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni moto kwenye maranda.

Kwa nini soketi iliyolegea inachemka

Ndani ya soketi kuna vibanio vya shaba vinavyoishika miguu ya plagi. Vikibana vizuri, umeme unapita kwenye eneo pana. Vikilegea, vinagusana na mguu wa plagi kwenye sehemu ndogo sana, na umeme wote unalazimika kupita hapo. Panapata ukinzani, na penye ukinzani pana joto.

Tupige hesabu. Taa 4 za wati 250 ni wati 1,000. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni kama ampia 4.3. Mguso uliolegea ukiwa na ukinzani wa nusu omu tu, hapo ndani ya soketi panabaki wati 9 na zaidi za joto, kwenye kipande cha shaba kisichozidi ukucha. Ukiongeza taa zikawa 8, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne. Shaba ikichemka inapoteza ukakamavu, inalegea zaidi, inachemka zaidi. Ndiyo maana soketi ya namna hiyo haijirekebishi, kila siku inazidi kuharibika.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi ndipo wanapokosea. Wanasema, "Si kuna breka? Itakata." Haikati. Breka na fyuzi vinakata umeme unapopita mwingi kuliko kiwango. Kwenye soketi iliyolegea umeme unaopita ni uleule wa kawaida. Plastiki inaweza kuyeyuka mpaka iwe nyeusi na breka bado imesimama.

Tunailegezaje wenyewe

Soketi zetu nyingi ni za mtindo wa Uingereza: matundu matatu bapa, ampia 13. Mguu wa juu wa plagi, ule wa waya wa ardhini, ni mrefu kuliko mingine kwa makusudi. Unaingia kwanza na kufungua vizibo vya matundu mawili ya chini.

Mashine ya kutotoleshea ikija na plagi ya miguu miwili ya mviringo, mtu anachukua kijiti au kifuniko cha kalamu, anasukuma tundu la juu, anaichomeka kwa nguvu. Inaingia, ndiyo, lakini mguu wa mviringo hauenei kwenye kibanio kilichotengenezwa kwa mguu bapa. Unakitanua. Ukirudisha plagi yako halali ya miguu mitatu, nayo inacheza. Na kama mashine ina bodi la chuma na inahitaji waya wa ardhini, umeufuta kabisa ulinzi huo.

Sababu nyingine ni adapta juu ya adapta mpaka uzito wake unavuta soketi chini, kuchomoa plagi kwa kuvuta waya, na mtetemo. Ukifunga soketi kwenye ubao uleule unaoshikilia mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, skrubu za ndani zitalegea taratibu.

Jikague leo

1. Chomeka plagi, kisha itikise kidogo. Ikicheza, au ikijitoa kwa uzito wa waya wake, soketi imechoka.
2. Sikiliza. Mlio wa "zzz" au taa kupepesa ukigusa plagi ni cheche ndani.
3. Nusa na uangalie. Harufu ya plastiki inayoungua, rangi ya kahawia au nyeusi kuzunguka matundu, ni dalili ya hatari.
4. Washa taa zote nusu saa. Zima swichi, chomoa plagi, gusa miguu yake kwa tahadhari. Uvuguvugu kidogo si neno. Ikikufanya uondoe mkono, usiitumie tena.

Cha kufanya

*Plagi unaweza kuibadilisha mwenyewe.* Chomoa kifaa kwanza. Nunua plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi na alama ya TBS. Ukiifungua, mguu mrefu ukiwa juu, waya wa kahawia (wa moto) unaenda kulia kwenye fyuzi, wa bluu (nyutro) kushoto, wa kijani na njano juu. Sokota nyuzi za waya zisitawanyike, kaza skrubu, na hakikisha kibano cha chini kinashika ganda la waya, siyo nyuzi za ndani. Kifaa kisichozidi wati 700 kiwekee fyuzi ya ampia 3, kikubwa zaidi ya hapo ampia 13. Usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi.

Kifaa chenye waya mbili tu kiangalie alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake kimetengenezwa kutumika bila waya wa ardhini. Kama hakina alama hiyo na bodi lake ni chuma, mpelekee fundi kabla ya kukitumia.

*Soketi mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA.* Usikubali akunje vibanio kwa bisibisi na kukwambia imepona. Shaba iliyokwisha kuchemka hairudi. Abadilishe soketi nzima, akate sehemu ya waya iliyobabuka, na ajaribu kama waya wa ardhini unafanya kazi. Muombe pia breka inayokata umeme unapovuja, maana bandani kuna maji na sakafu mbichi.

Wakati mwingine soketi ni nzima ila haikai vizuri ukutani: boksi limezama kwenye plasta, skrubu hazifiki, soketi inaning'inia kwa waya. Dawa ni skrubu ndefu zaidi, siyo misumari. Kwenye banda la mbao tumia boksi la juu ya ukuta, lifungwe kwa skrubu kwenye nguzo imara, usawa wa kifua, mbali na vinyweshea na mahali unapomwaga maranda.

*Taa za joto zisipitie ekstensheni nyembamba.* Soketi moja ya ampia 13 inabeba kama wati 3,000 kwa ujumla wake, lakini ekstensheni nyingi za bei rahisi haziwezi kubeba hivyo kwa usiku mzima. Ukilazimika kuitumia, ifungue yote, maana ikibaki imeviringishwa inajichemsha. Taa zining'inize kwa mnyororo, usizining'inize kwa waya wake wa umeme.

Usiku ambao bado hujarekebisha

Kama vifaranga wameshafika na fundi anakuja kesho, punguza mzigo kwenye soketi mbovu mpaka sifuri. Tumia soketi nyingine iliyo nzima, punguza ukubwa wa mduara wa vifaranga, na andaa chungu cha mkaa uliokwisha kushika vizuri, nje ya moshi. Kizungushie wavu, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, na awepo mtu anayeamka kukagua. Mkaa kwenye banda lililofungwa kabisa unaua vifaranga na unaua mtu.

Bei ya soketi mpya na plagi yake haizidi bei ya vifaranga wachache. Kwa hiyo kwenye daftari lako la gharama, kabla hujaandika vifaranga, andika mstari mmoja: umeme umekaguliwa, tarehe fulani. Usipouandika, usilipie vifaranga kwanza.

Kazi njema.