Wapagazi wa Angani Waanza Kuondoka Tabora

Anayepita Gongoni, Manispaa ya Tabora, siku za mwisho wa Machi, na ainue macho kwenye nyaya za umeme. Mbayuwayu waliojipanga pale, migongo ya buluu na koo za rangi ya kutu, wanakaribia kuaga. Aprili ikiisha, wengi watakuwa wameshika njia ya kaskazini kwenda kujenga viota Ulaya na Asia, katika mabanda ya ng'ombe na chini ya mapaa ya nyumba. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi.

Kerem, ndege mla nyuki, naye hupita juu kwa makundi. Mara nyingi sauti humtangulia. Korongo weupe wenye midomo myekundu huelea bila kupiga mbawa, wakibebwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini. Baharini hewa hiyo haipo, ndiyo maana wengi huifuata Nile, wakavuka Sinai, wakaingia Ulaya kupitia Uturuki.

Ratiba hii ya kuja na kuondoka, wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 wangeitambua upesi. Msimu wa mvua walilima. Kiangazi wakajitwika pembe za ndovu hadi Bagamoyo, kisha wakarejea kuwahi kupanda. Ndege hawa nao hukaa hapa Unyamwezi wakati wa mvua, kiangazi hawaonekani. Kinachowaleta ni chakula: mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi ardhini, na mashamba yakishachipua, panzi na viwavi hawakosekani.

Ulaya ilichelewa kujua kwamba ndege hawa huja Afrika. Wapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hujizika matopeni wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni, wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa ameruka nao njia nzima. Amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo.

Kwa mkulima, korongo ni kibarua asiyedai ujira: viwavijeshi wakivamia, hushuka shambani kuwala. Sumu ya wadudu ikipuliziwa ovyo, chakula hicho hufa, na ndege akila mdudu mwenye sumu naye hudhurika.

Mfuga nyuki ana shauri jingine. Tabora ni nchi ya asali, na kerem hudaka nyuki mchana kweupe. Lakini hula pia nyigu na kereng'ende, na usiku hulala mitini, katika miombo ile ile inayotundikwa mizinga. Miti hiyo ndiyo inayokatwa kuwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Kerem humpunguzia mfugaji nyuki kadhaa kwa msimu, kisha akaenda zake; shoka likipita, maua, mizinga na mahali pa kutundika huondoka pamoja. Mwenye mizinga anayetafuta wa kumshitaki aanze na kuni.