Mtandao wa Kwantamu na Mpaka wa Busia: Nani Alipe, Nani Afundishwe

Mtandao wa kwantamu ni mtandao wa mawasiliano unaotumia chembe moja moja za nuru, ziitwazo fotoni, kubeba taarifa isiyoweza kunakiliwa kisirisiri. Katika faiba ya kawaida kila alama hubebwa na fotoni nyingi mno, hivyo mdukuzi aliyefika kwenye waya anaweza kuchota chache na zilizobaki zikafika salama, wala hakuna atakayeshtuka. Katika mtandao wa kwantamu alama moja hubebwa na fotoni moja. Anayeipima njiani huibadilisha, na mabadiliko hayo huonekana upande wa pili. Ndiyo maana matumizi yake ya kwanza, yaliyobuniwa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984, yalikuwa ya kugawana funguo za siri: pande mbili hupata namba moja ambayo hakuna mtu wa tatu anayeijua, kisha huitumia kufunga ujumbe wao unaopita kwenye intaneti ya kila siku.

Haraka ya kuutafuta mtandao huu imeletwa na hofu. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ikishapata nguvu ya kutosha, itaweza kuvunja usimbaji unaolinda benki na ofisi nyingi za serikali duniani. Kompyuta ya nguvu hiyo bado haijapatikana. Lakini mwizi mwenye subira hana haja ya kuingoja ndipo aanze kazi: anaweza kunasa data iliyofungwa leo, akaiweka, akaja kuifungua miaka mingi baadaye. Kwa rekodi za afya, kodi na vitambulisho, ambazo siri yake hudumu maisha ya mtu, hilo si jambo dogo.

Kwa kuwa faida ya kibiashara iko mbali na vifaa ni ghali, karibu kila mahali mlipaji mkuu ni serikali. China ilirusha setilaiti ya Micius mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikafungua njia ya faiba ya zaidi ya kilomita 2,000 kati ya Beijing na Shanghai. Marekani ilipitisha sheria yake ya kwantamu Desemba 2018, ikiidhinisha zaidi ya dola bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Mwaka 2020 shirika lake la taifa la sayansi liliahidi dola milioni 26 kwa kituo cha mitandao ya kwantamu katika Chuo Kikuu cha Arizona, na tangu mwanzo kituo hicho kilipewa jukumu la kuandaa wanafunzi na wafanyakazi pamoja na utafiti wenyewe. Umoja wa Ulaya ulianza mpango wa euro bilioni 1 mwaka 2018.

Afrika haikulala. Jijini Durban, watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walianza mwaka 2008 kulinda mawasiliano ya manispaa kwa funguo za kwantamu, na teknolojia hiyo ikatumika katika uwanja wa Moses Mabhida wakati wa Kombe la Dunia la 2010. Mwaka 2025 wanasayansi wa China na wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walitangaza kwamba wamegawana ufunguo kwa setilaiti ndogo kati ya Beijing na Stellenbosch, umbali wa kilomita 12,900. Karibu zaidi na nyumbani, Kigali ilipata kituo cha Quantum Leap Africa ndani ya taasisi ya hisabati ya AIMS.

Kenya iko katika hatua inayotangulia hayo yote, hatua ya faiba na ya watu, na kaunti ya Busia ni mahali pazuri pa kuitazama. Kaunti hiyo ina malango mawili makubwa ya kuingilia Uganda, mji wa Busia na mji wa Malaba, yaliyoachana kwa kama kilomita 30 za barabara. Mizigo mingi inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo hupitia hapo.

Tazama lori moja lenye kontena. Tangu utaratibu wa himaya moja ya forodha uanze mwaka 2014, kodi ya mzigo unaokwenda Uganda hulipwa Uganda kabla mzigo haujatoka Mombasa. Kontena hufungwa sili ya kielektroniki inayotuma taarifa za mahali lilipo, kwa mfumo ambao Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuutumia pamoja mwaka 2017. Mpakani, chini ya utaratibu wa kituo cha pamoja (cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili Februari 2018), dereva anayetoka Kenya hasimami upande wa Kenya. Huvuka moja kwa moja na kuwakuta maofisa wa nchi zote mbili wakifanya kazi upande wa Uganda. Anayekuja Kenya naye huwakuta wote upande wa Kenya. Maana yake ni kwamba kila siku ofisa wa forodha wa Kenya anafungua mifumo ya Nairobi akiwa ameketi katika ardhi ya Uganda. Data ya serikali mbili inapishana juu ya mpaka kama malori yenyewe, na foleni ya data ikikwama, ya malori nayo hukwama.

Je, njia ya data hiyo kutoka Nairobi ingeweza kulindwa kwa kwantamu? Jibu limo katika hesabu ya umbali. Faiba nzuri hupoteza nuru kidogo kila kilomita, na kwa kiwango cha kawaida cha faiba za leo, fotoni moja kati ya kumi ndiyo hufika baada ya kilomita 50, na moja kati ya mia baada ya kilomita 100. Kutoka Nairobi hadi Busia ni zaidi ya kilomita 400. Kwa umbali huo ingefika fotoni moja tu katika milioni 100. Wala fotoni hizo haziwezi kuongezewa nguvu njiani kama inavyofanyika kwenye intaneti ya kawaida, kwa sababu kuongeza nguvu ni kunakili, na kunakili ndiko kusikowezekana. Wachina walilitatua tatizo hilo kwa kujenga vituo 32 kati ya Beijing na Shanghai, ambapo ufunguo hufunguliwa na kufungwa upya, na kila kituo lazima kilindwe kama hazina. Kwa kaunti zilizo kati ya Nairobi na Busia huo ungekuwa mzigo mzito, na hakuna sababu ya kuubeba leo.

Busia hadi Malaba ni habari nyingine. Kwa kilomita 30 fotoni moja kati ya nne hufika, kiwango ambacho vifaa vya sasa vinakimudu bila taabu. Na katika barabara hiyohiyo ya Busia–Malaba, huko Teso Kusini, kuna Alupe: chuo kikuu cha umma kilichoanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2015 na kupata hati yake mwaka 2022, pamoja na vituo vya utafiti wa afya vya KEMRI na wa kilimo vya KALRO. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Busia ya Uganda, ipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Busitema, chenye kitivo cha uhandisi. Vyuo hivyo viwili vya umma havijaachana hata kilomita 50. Ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki ambapo vyuo vya nchi mbili na vituo viwili vya forodha vimekaa ndani ya umbali ambao fotoni moja inaweza kwenda bila kupumzishwa.

Msingi wa kuviunganisha ulilipiwa zamani, tena kwa fedha za umma. Serikali ya Kenya ilishiriki kuleta mkongo wa baharini wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka 2009, na mwaka huohuo ikakamilisha awamu ya kwanza ya uti wa mgongo wa faiba wa taifa, NOFBI, wenye zaidi ya kilomita 4,000. Awamu ya pili ililenga makao makuu ya kaunti. KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanzishwa mwaka 1999 na wenye makao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ulipata msaada wa serikali kupitia mradi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2007 ili vyuo vinunue intaneti kwa bei nafuu. Uganda ina mtandao kama huo, RENU, ulioanzishwa mwaka 2006. Mitandao hiyo miwili imo katika UbuntuNet, muungano wa mashariki na kusini mwa Afrika uliozaliwa mwaka 2005, na sehemu kubwa ya gharama ya kuiunganisha ilibebwa na Umoja wa Ulaya kupitia mradi wa AfricaConnect. Mwaka 2023 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 390 kwa mradi wa kuharakisha uchumi wa kidijitali wa Kenya.

Mpango wa sasa wa serikali ni kufikisha kilomita 100,000 za faiba, nyingi zikipitishwa kwenye nguzo za stima. Kwa intaneti ya nyumbani na ya shule uamuzi huo ni wa busara, maana kuchimba mtaro ni ghali. Kwa kwantamu una kasoro. Waya unaoning'inia huyumba kwa upepo na kutanuka kwa jua la adhuhuri, na mitikisiko hiyo huvuruga hali ya fotoni ambamo taarifa imewekwa. Faiba iliyozikwa hutulia zaidi. Kama Busia na Malaba zitawahi kuwa uwanja wa majaribio, nyuzi chache za chini ya ardhi kati ya miji hiyo zingefaa kutengwa mapema, kabla hazijajazwa.

Pesa za utafiti ndizo zenye hadithi ya kusikitisha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kusema upewe kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi kinachotolewa hakijawahi kukaribia hapo. Matokeo yake, Kenya inajua kugharimia waya kuliko kumgharimia mtu atakayeuchunguza huo waya, na mwanafizikia kijana huishi kwa ruzuku za kutoka nje au huhama.

Kufundisha watu, hata hivyo, hakuanzi kwa shahada ya uzamivu. Mtandao wa kwantamu unahitaji mafundi wengi zaidi ya maprofesa, na kazi yao ya kwanza ni ileile ya faiba ya leo, ila kwa uangalifu zaidi. Fundi huvua ganda la plastiki hadi abaki na uzi wa kioo wenye unene wa mikroni 125, yaani kama moja ya nane ya milimita. Huupangusa kwa spiriti, huukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, kisha huulaza ndani ya mashine inayolinganisha ncha mbili na kuziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Nuru hupita katika kiini chenye upana wa mikroni 9 hivi. Vumbi kidogo, jasho la kidole au ncha iliyokatika upande hutosha kukiharibu kiungo. Kwenye intaneti ya kawaida kiungo kibovu huvumilika, mitambo huongeza nguvu na mteja hajui. Kwenye fotoni moja hakuna cha kuongeza. Kila kiungo kilichofanywa ovyo ni fotoni zilizopotea moja kwa moja.

Ufundi huo unafundishika Busia. Katiba imegawa kazi: vyuo vidogo vya ufundi stadi viko chini ya kaunti, na vile vikubwa, kama Bumbe kule Funyula, viko chini ya serikali ya taifa. Mpango wa Jitume, unaoendeshwa na mamlaka ya mji wa teknolojia wa Konza, umekuwa ukiweka maabara za kompyuta katika vyuo vya ufundi, na mpango wa DigiTalent wa Mamlaka ya TEHAMA huwapa wahitimu mwaka mmoja wa kujifunza kazini. Yote ni mema, ila uzito mkubwa umekuwa kwenye kompyuta na kazi za mtandaoni. Mashine ya kuunganisha faiba, kifaa cha kupima upotevu wa nuru na kilomita chache za faiba ya mazoezi ni gharama ndogo ukilinganisha na maabara nzima ya kwantamu, na humpa kijana wa Busibwabo kazi ya leo huku akiingoja ya kesho.

Kinga dhidi ya kompyuta ya kwantamu, kwa upande mwingine, haina haja ya kungoja fotoni. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji mpya unaotegemea hesabu ngumu zaidi na kupita kwenye waya na kompyuta zilizopo. Mifumo ya forodha ya Busia na Malaba inaweza kuhamia huko kwa programu tu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza inayofaa kugharimiwa. Majaribio ya kwantamu kati ya Alupe na Busitema yafuate yakiwa na kazi moja kuu, kufundisha watu.

Na watu hao wako darasani sasa. Katika mtaala wa umilisi mwanafunzi huchagua mkondo kabla ya kuingia shule ya upili ya juu katika Gredi ya 10, na mlango wa fani hii uko katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mzazi wa Matayos au Teso Kaskazini anayejaza fomu ya kuchagua mkondo na shule pamoja na mtoto wake aulize swali moja kabla ya kuandika jina la shule: je, maabara ya fizikia ipo, na inatumika?